Nafasi Iliyo Baina ya Kuta

Mtu akiusifu Mji Mkongwe wa Unguja, aghalabu husifu majumba yake. Atakutajia milango iliyonakshiwa, roshani za mbao, na kuta nene za mawe na chokaa. Sifa hizo ni za haki, na ndizo zilizochangia mji huu kuandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lakini mji si majumba matupu. Mji ni majumba pamoja na nafasi zilizo baina yake: uchochoro, baraza, kiwanja, kivuli cha mti, ufuo. Nyumba humhifadhi mtu na jamaa zake. Nafasi ya wazi humkutanisha na asiye jamaa yake. Fani inayoshughulika na nafasi hizo ni usanifu wa mandhari, na kwetu wengi wangali wakiidhania kuwa ni kazi ya kupanda maua mbele ya ofisi. Nataka kuipima kwa mahali patatu pa mji huu, ambapo mtu mwenye miguu mizima aweza kupatembelea kwa asubuhi moja.

Tuanze Forodhani. Jina lenyewe lasema: hapa palikuwa mahali pa forodha, pa mizigo na makarani. Bustani ilitengenezwa katika miaka ya 1930, ikaitwa Bustani ya Jubilii. Iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Miaka ikapita, bustani ikachakaa, na ukuta wake wa bahari ukaliwa na mawimbi. Mwaka 2008 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulianza kuikarabati, na Julai 2009 ikafunguliwa upya.

Kazi ile naisifu kwa jambo lililo kubwa kuliko mawe yake: waliofanya usanifu hawakulitenga eneo na watu wake. Wachoma mishikaki, wauza pweza na wakamua miwa walirudi wakakuta mahali pamewekwa kwa ajili yao. Miti mikubwa iliendelea kutoa kivuli, na chini yake watu wakapata pa kukaa. Vijana bado hujirusha baharini kutoka ukutani jioni, na watu wazima bado husimama kuwatazama huku wakijifanya hawatazami. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilizoea kuwaambia walimu wageni kwamba kabla ya kupanda ua katika uwanja wa skuli, tazameni kwanza watoto wanapita wapi. Forodhani walitazama kwanza. Ndiyo maana bustani ile haikuhitaji kufundishwa kazi yake.

Hata hivyo, kasoro zipo. Ukarabati uliupendelea usiku kuliko mchana, na usiku huo humpendelea mgeni kuliko mwenyeji. Taa zikishawaka na meza za vyakula zikapangwa, bei huzungumza na mfuko wa mtalii. Mama aliyekuja na wanawe watatu kutoka Kwahani au Jang'ombe huzunguka, hununua glasi moja ya juisi ya miwa, kisha hukaa ukingoni kupunga upepo. Upepo, alhamdulillahi, haujatiwa bei. Na kuna kasoro nyengine isiyo ya bustani yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka wakati ikifanyiwa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Siku ile ilidhihirika kwamba bustani na jumba ni kitu kimoja: jumba lilikuwa mgongo wa bustani, na bustani ilikuwa uso wa jumba. Anayepanga kimoja na kukiacha chengine amepanga nusu.

Kutoka hapo, pita vichochoroni mpaka Darajani. Unakaribia kuvuka mpaka usioonekana tena. Zamani palikuwa na hori la bahari lililoutenga mji wa mawe na upande wa pili, na kwa sababu hiyo upande huo ukaitwa Ng'ambo. Palikuwa na daraja, na jina la Darajani likabaki. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Uwanja wa Mnazi Mmoja nao ulikuwa sehemu ya maji hayo. Utawala wa kikoloni ulipenda pawe na uwanja mtupu baina ya mji wa mawe na mji wa udongo na makuti, si kwa kuwakutanisha watu, bali kwa kuwatenganisha. Watu nao wakaupindua mpango huo bila ya kuchora mstari hata mmoja: wakacheza mpira, wakasherehekea sikukuu, mpaka kilichowekwa kuwa kizuizi kikawa ukumbi wa wote. Bahari pia haikusahau. Siku za bamvua kubwa maji ya chumvi huchungulia majanini, kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua mali yake. Mpangaji asiyejua historia ya ardhi atafundishwa na maji.

Endelea mbele, ufike Michenzani. Kwa mpango wa mwaka 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, mitaa ya Ng'ambo ilibomolewa na majumba marefu ya ghorofa yakajengwa kandokando ya barabara mbili pana zinazopishana. Hatutawatendea haki wajenzi wake tukisema walijenga kwa ubaya. Walitaka mfanyakazi apate umeme, bomba na choo ndani ya nyumba. Wengi walivipata, na hilo si dogo. Lakini nafasi iliyobaki baina ya majumba haikuwa ya mtu. Ilikuwa pana mno kuwa uchochoro, na kame mno kuwa bustani, wala haikuwa na baraza. Wakaazi wenyewe wakaisahihisha: wakaweka vibanda, wakapanda miti, wakaanzisha maskani, na maskani ya Kisonge ikawa mashuhuri kisiwa kizima. Baraza iliyofukuzwa kwa rula ilirudi kwa miguu.

Ukipaweka pamoja mahali hapo patatu, hukumu yangu ni hii: mandhari ya mji hufaulu inapoyapa makaazi mazoea ya watu, na hushindwa inapoyafuta. Mazoea hayo ni urithi sawa na mlango wa Kihindi au wa Kiarabu. Basi kosa kubwa la mipango yetu ni kuuchora mpaka wa urithi pale pale hori lilipokuwa, upande mmoja tukauita turathi, na wa pili tukauita makaazi tu. UNESCO yenyewe ilitoa pendekezo mwaka 2011 kwamba mji wa kihistoria utazamwe pamoja na mandhari yake yote na maisha ya watu wake. Atlasi ya Ng'ambo, iliyochapishwa mwaka 2019, imeonyesha kwamba upande wa pili nao una visima, misikiti, majumba ya sinema na viwanja vyenye kumbukumbu. Kazi ile ni ya kupongezwa. Sasa inataka kutoka kabatini iingie katika vibali vya ujenzi.

Nasema hivyo kwa sababu nafasi ya wazi haina mtetezi. Mpango wa uhifadhi wa Mji Mkongwe wa mwaka 1994 haukuvisahau viwanja na njia, lakini mpango ni karatasi mpaka apatikane wa kuulinda. Jengo la Mambo Msiige, ukingoni mwa bahari, lilipopanuliwa kuwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, UNESCO ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa ujenzi ule. Hoteli ikasimama. Wenye kupita ufukweni leo hutazama ukuta.

Jumba likiporomoka, tuna picha na vipimo. Mafundi wakipatikana tutalisimamisha tena. Uwanja ukishajengwa, sijasikia bado serikali iliyobomoa hoteli ili watoto warejeshewe pa kuchezea.