Stevie Wonder na muziki uliopimwa kwa fremu

Kati ya 1974 na 1977 mwanamuziki Stevie Wonder alitwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka mara tatu, ya mwisho kwa Songs in the Key of Life. Tangu albamu hiyo itoke, mashabiki walisubiri miaka mitatu. Oktoba 1979 ikatoka Journey Through the Secret Life of Plants, santuri mbili za muziki kuhusu mimea. Jina lake liliifikisha nafasi ya nne kwenye chati ya Billboard, lakini wengi walioinunua walibaki wameduwaa. Ilikuwa rahisi kumtupia methali ya mgema aliyesifiwa. Ukiichambua kazi yenyewe, hata hivyo, tembo halikutiwa maji. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo.

Muziki huu ulitungwa kwa ajili ya filamu ya Walon Green kuhusu maisha ya mimea. Stevie haoni tangu uchanga, hivyo ilibidi picha zimfikie kwa masikio. Katika sikio moja, mtayarishaji Michael Braun alimsimulia kinachoonekana. Katika jingine, fundi wa studio Gary Olazabal alimhesabia fremu. Akajua chipukizi linatokeza wapi na tukio linaisha lini, akapiga kulingana na hapo.

Ubunifu huo una gharama. Katika muziki wa soul, mdundo ndio unaoamua muda: besi na ngoma hujirudia mpaka mwili ukubali, ndipo kiitikio kiingie. Hapa aliyeamua muda ni picha. Sauti hupanda na kubadilika ghafla, kwa sababu isiyosikika ndani ya muziki. Filamu nayo haikusambazwa ipasavyo, kwa hiyo msikilizaji akapewa jibu bila swali.

Mpangilio ukazidisha ugumu. Vipande vitatu vya kwanza karibu vyote ni ala tupu. Sauti ya Stevie inaingia kwenye Same Old Story, wimbo unaowakumbuka wanasayansi Jagadish Chandra Bose na George Washington Carver. Send One Your Love, uliokuja kutamba redioni, unatokea kwanza kama ala upande wa pili. Maneno yake yanasubiri upande wa tatu. Kati ya matoleo hayo mawili umewekwa Race Babbling, wimbo wa karibu dakika tisa ambao sauti zake zimepitishwa mitamboni hadi maneno hayashikiki.

Ufundi wenyewe haukupungua. Hii ni miongoni mwa albamu za mwanzo za muziki wa kupendwa kurekodiwa kwa mfumo wa dijitali. Stevie alitumia pia Melodian, mashine iliyonasa sauti yoyote, hata ya ndege, na kuiwezesha kupigwa kwa noti za kinanda. Na pale anapouachia wimbo utembee kwa miguu yake, kama kwenye Outside My Window na Black Orchid, ni Stevie yule yule.

Mwaka uliofuata alitoa Hotter than July, nyimbo zenye viitikio na midundo ya kuchezeka, na hadhira ikarudi. Uwezo haukuwa umekwenda popote. Kilichokosekana 1979 ni mhariri wa kuichukua kazi ya filamu na kuikata upya kwa ajili ya masikio, pengine iwe santuri moja. Anayetaka kuisikiliza leo aanze upande wa tatu.