Umiliki na Umbo: Taharuki katika Tamthilia za Mfululizo za Netflix

Uhakiki wa filamu uliolelewa katika idara za fasihi umezoea kuanzia kwa mtunzi. Huuliza kwa nini kisa kilikatizwa pale kilipokatizwa, na jibu hulitafuta katika dhamira au mtindo. Makala haya yanahoji kwamba, kwa tamthilia za mfululizo za siku hizi, swali hilo halijibiki kikamilifu pasipo kumtazama mmiliki wa njia inayoifikisha kazi kwa hadhira.

Jambo lenyewe si geni. Hadi 1948, studio kuu za Marekani zilitengeneza filamu, zikazisambaza na kumiliki majumba ya sinema. Mwenye jumba aliyejitegemea aliuziwa kwa fungu: akitaka filamu moja yenye mwigizaji mashuhuri, hana budi kubeba na dhaifu kadhaa. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, iliupinga mfumo huo, na hatimaye studio zikaachana na majumba. Amri zilizotokana na kesi hiyo zilifutwa 2020, wakati ambapo huduma za intaneti zilikuwa zimekwisha kuunganisha upya utunzi, usambazaji na maonyesho.

Athari ya kifani ilidhihirika mapema zaidi. Tarehe 1 Februari 2013, Netflix ilitoa vipindi vyote 13 vya msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja. Tamthilia ya televisheni ilikuwa imejengwa juu ya pengo la wiki, na katika pengo hilo hadhira hubashiri, hubishana na kusahau. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliokoa roho yake kwa pengo kama hilo: alikatiza hadithi alfajiri, na mfalme akabaki na mchana mzima wa kungoja. Netflix imemnyang'anya mfalme mchana wake. Kipindi kimoja kikiisha, kingine huanza chenyewe baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo taharuki imebadilishiwa kazi. Zamani ilimrudisha mtazamaji baada ya siku saba, nayo ilihitaji swali zito la kubebwa siku zote hizo. Sasa inamzuia tu asiinuke kitini, na kwa kazi hiyo simu inayolia au mlango unaofunguliwa hutosha. Ndiyo maana miisho mingi ya vipindi ina kishindo bila uzito. Hata hivyo, si hasara tupu. Msimu unaotazamwa kwa mkupuo unamruhusu mtunzi kumkuza mhusika mdogo taratibu, na kisengerenyuma kirefu huvumilika kwa kuwa mtazamaji bado anakumbuka.

Msimu wa nne wa Stranger Things unathibitisha nguvu ya mmiliki kutoka upande wa pili. Mnamo 2022 uligawanywa mara mbili, 27 Mei na 1 Julai. Pengo likarejea, safari hii wiki tano. Msuko peke yake hauwezi kulieleza pengo hilo. Malipo ya mtazamaji, ambayo ni ya kila mwezi, yanalieleza vizuri zaidi.

Umiliki huo hufika hadi kwenye uhai wa matini. Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa picha, ilizuiwa na Warner Bros. Discovery mnamo Agosti 2022. Tamthilia ya Willow ilianza kuonyeshwa Disney+ tarehe 30 Novemba 2022. Mei 2023 ilikuwa imekwisha kuondolewa. Mwezi huohuo waandishi wa filamu wa Marekani walianza mgomo wa siku 148, na miongoni mwa madai yao ni kujulishwa kazi zao zinatazamwa kwa kiasi gani. Mtunzi asiyejua hadhira yake ni hali ambayo nadharia ya upokezi haijaishughulikia vya kutosha.

Mhakiki wa tendi za Pate na Lamu hutegemea hati zilizonakiliwa kwa mkono na kutunzwa katika nyumba nyingi, na nakala moja ikipotea, huenda nyingine ikapatikana. Tamthilia ya intaneti imo katika nyumba moja, na ufunguo anao mwenyewe. Mwanafunzi wa uzamili anayeiteua kuwa data ya tasnifu yake hana hakika kwamba mtahini ataiona.