Makonyo, Mvuke na Mafuta ya Karafuu

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, pesa iko kwenye punje. Wachumaji hushuka na vichala, kisha watu wazima kwa vijana hukaa pamoja kuchambua: punje huku, makonyo kule. Punje huanikwa juani na kupelekwa kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Makonyo, yaani vile vijiti vilivyobeba punje, bei yake ni ndogo sana. Lakini ndiyo yanayolisha kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, na humo ndimo yanamogeuka kuwa mafuta.

Kwa nini makonyo, na si punje zenyewe? Kilo 100 za punje kavu zinaweza kutoa kilo 15 za mafuta, hata zaidi. Makonyo ya uzito huo hutoa kilo 5 au 6 hivi, na majani hayafiki hapo. Ila punje nzima tayari ina mnunuzi anayeilipia vizuri. Kuipika ni kuharibu mali. Uamuzi wa kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke, kile ambacho kingebaki kuwa taka ndio sehemu ya busara kuliko zote katika kazi hii.

Wala mafuta hayo si dhaifu. Kiini cha karafuu ni yujinoli, kemikali inayoipa harufu kali na ule ukali unaotia ganzi ulimini. Katika mafuta ya makonyo yujinoli huweza kufika asilimia 90, na mara nyingi huzidi ile iliyo katika mafuta ya punje. Punje hushinda kwa jambo jingine: ina viambato vinavyolainisha harufu, ndiyo maana watengenezaji wa manukato huipenda zaidi.

Ukenekaji wenyewe unategemea kanuni moja. Yujinoli peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254 za Selsiasi, joto ambalo lingeunguza mmea. Mvuke unapopenya kwenye makonyo ndani ya tangi lililofungwa, maji na mafuta, kwa kuwa hayachanganyiki, hupanda pamoja chini kidogo ya nyuzijoto 100. Mchanganyiko huo hupita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, ukarudi kuwa kimiminika na kuingia kwenye chombo cha kutenganishia.

Hapo mpishi wa mafuta ya mikaratusi au mchaichai akija kusaidia, itabidi ajifunze upya. Mafuta ya mimea hiyo huelea, yakachotwa juu. Ya karafuu ni mazito kuliko maji. Huzama, hivyo mkondo wa kuyatoa uko chini. Isitoshe, yujinoli kidogo huyeyuka katika maji, kwa hiyo anayemwaga maji yaliyobaki anamwaga na mafuta. Dawa yake ni kuyarudisha maji hayo kwenye tangi. Chuma cha kawaida nacho ni adui: kikigusana na yujinoli, mafuta hubadilika rangi na kuwa meusi. Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachofaa.

Matumizi yake kwa afya yana msingi. Yujinoli hupunguza uwezo wa neva kupeleka taarifa ya maumivu, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kijazio cha muda. Mwaka 2006 watafiti nchini Kuwait walichapisha jaribio la watu 73: jeli ya karafuu ilipunguza maumivu ya sindano kwenye kaakaa sawasawa na benzokaini, dawa ya ganzi ya kawaida. Lakini kutuliza jino si kulitibu. Jino lililooza linabaki limeoza.

Nguvu hiyohiyo ndiyo hatari. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliripoti kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alizimia, akapata degedege, ini likaathirika vibaya. Alinusurika kwa matibabu ya dharura. Kiasi alichokunywa ni kijiko kimoja au viwili vya chai. Kwenye ngozi, wataalamu wa mafuta haya hushauri yasizidi nusu ya asilimia moja: takriban matone 10 katika mililita 100 za mafuta ya nazi. Anayejipaka yakiwa matupu anajitafutia malengelenge.

Wauzaji wa vichupa wanaoandika "mafuta ya karafuu" tu hawamtendei haki mnunuzi. Waeleze kama ni ya punje, makonyo au majani, na kama yamechanganywa na mafuta mengine. Mnunuzi naye ana kipimo chepesi: adondoshe kidogo kwenye glasi ya maji na kukoroga. Yakielea yote, yamechanganywa. Yakizama, bado si hakikisho la usafi, ila angalau hayakuzidiwa na mafuta ya kupikia. Kisha kichupa kifungwe vizuri na kuwekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.