Chakacha ya shule: kiuno kipo, ulimi uko wapi?

MTAZAMAJI wa michezo ya nyimbo na ngoma katika shule za upili za hapa Changamwe hana budi kujiuliza: mbona maneno hupewa mvulana, msichana akaachiwa kiuno?

Harusi ikiigizwa, baba husema, bwana harusi hujibu, kisha wasichana huingia na leso viunoni, wakacheza chakacha, wakatoka. Ukumbi hupiga makofi, eti utamaduni umehifadhiwa.

Umehifadhiwa kweli? Chakacha asili yake ni ngoma ya wanawake, huchezwa harusini wao kwa wao. Humo mwanamke si pambo la mtu. Ndiye mchezaji, mwimbaji na mtazamaji. Ikiletwa mbele ya hadhira mchanganyiko, miondoko ni ileile ila maana imegeuka.

Sisemi wasichana wasicheze, la hasha! Mombasa hii ina historia ya lelemama: wanawake walijiundia vyama, wakashindana kwa mavazi na nyimbo za mafumbo, wakaambizana walilotaka. Ngoma yao ilikuwa na ulimi.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Neno 'mchezaji' halibagui jinsia. Nalo neno 'ngoma' hutaja chombo, uchezaji na hata hafla yenyewe. Mtunzi anayempa mvulana chombo na maneno, akamwachia msichana uchezaji pekee, ameikata ngoma vipande. Basi walimu, mpeni binti naye beti zake za kujibu. Hapo ndipo mtakuwa mmeihifadhi chakacha.