Mashine ya Mteremkoni: Tazama Inavyosimama

Ukiingia duka la mashine za kukata nyasi, muuzaji ataanza na nguvu za farasi na upana wa kisu. Kwa anayetunza uwanja wa mpira, mazungumzo hayo yanatosha. Kwa anayetaka kandarasi ya kufyeka matuta ya barabara, kingo za reli ya SGR au ukuta wa bwawa la udongo kama Ndakaini, hayo yaje baadaye sana. Mashine ya mteremkoni hupimwa kwanza kwa jambo moja: mkono ukiachia, tairi likiteleza, au injini ikizimika katikati ya mteremko, inafanya nini? Iliyo bora husimama palepale. Sifa hiyo ndiyo ya kulipia.

Lakini anza na mteremko wenyewe. Chukua pimamaji ya fundi mwashi na ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja. Ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu, usawazishe ubao, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka wima hadi ardhini. Ukipata sentimita 27, mteremko ni nyuzi 15. Sentimita 36 ni nyuzi 20, 58 ni nyuzi 30, 70 ni nyuzi 35, na mita nzima ni nyuzi 45. Pima pale palipo pakali kuliko kwingine, maana hapo ndipo ajali inapotokea, na wastani wa tuta zima hautakusaidia.

Ukishajua nyuzi zako, uwe mwangalifu na namba za muuzaji. Akisema mashine yake inapanda sitini, muulize sitini ya nini, kwa sababu asilimia 60 ni nyuzi 31 tu, na asilimia 100 ni nyuzi 45. Tuta la moja kwa mbili, linalopatikana sana barabarani, lina nyuzi 26 na nusu hivi. La moja kwa moja na nusu linakaribia 34. Sasa soma kitabu cha mashine ya kawaida ya kuketi: nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi 15. Maana yake ni kwamba tuta la kawaida kabisa la barabara limeshaiacha mbali mashine hiyo, hata iwe mpya na ya bei kubwa.

Zile zinazogeuka papo hapo kwa mikono miwili ya kuendeshea zinapendwa sana na wenye kampuni za usafi, na kwenye tambarare zinastahili sifa zake. Mteremkoni naziogopa. Matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofunga breki. Ya mbele yanajizungukia tu. Ya nyuma yakipoteza mshiko kwenye nyasi zenye umande, dereva amepoteza yote matatu kwa pamoja. Kama utainunua kwa miteremko midogo, hakikisha ina fremu ya kumkinga dereva ikipinduka, fremu imesimamishwa na mkanda umefungwa. Mashine ya kuketi ikate kwa kupanda na kushuka. Ya kusukuma kwa miguu ikate kwa kukingama, ili anayeteleza asiingie chini ya kisu wala kisu kisimrudie miguuni.

Jaribio la breki lifanyike kabla ya kutoa pesa, na lifanyike mteremkoni, si kwenye sakafu ya duka. Mashine zinazoendeshwa kwa mafuta ya haidroliki husimama vizuri injini ikiwa inaunguruma. Pampu ikichakaa, huanza kunyemelea kushuka injini ikizimwa. Basi panda nayo, funga breki ya maegesho, zima, chomeka kijiti kando ya tairi la chini, halafu mkanywe chai. Mkirudi mkakuta tairi limekipita kijiti, mjadala wa bei umekwisha.

Kinachowaponza wengi ni oili. Injini ya kawaida ya mipigo minne huhifadhi oili chini, na ikilala upande sana oili hukimbilia pembeni. Vyuma vilivyopaswa kulowa vinasagana vikavu, au oili inapenya hadi kwenye chujio la hewa na unaona moshi wa bluu. Injini nyingi ndogo za aina hii zimeruhusiwa nyuzi 20 hadi 25 tu kwa kazi ya mfululizo. Ndiyo maana nasisitiza usome vitabu viwili, cha mashine na cha injini iliyofungwa juu yake. Mwenye fremu anaweza kuandika nyuzi 45 kwa kuwa haipinduki, huku mwenye injini ameandika 25. Fuata namba ndogo. Kama mashine imeandikiwa miteremko mikali, uliza pampu inavutaje oili mashine ikilala, na usikubali jibu la “haina shida”.

Ulaya, wakulima wa milima ya Alps wanaokata nyasi za mifugo wamelifikiria suala hili kwa muda mrefu kuliko wengine. Mashine za Brielmaier kutoka Ujerumani hutembelea mapipa yenye miiba badala ya matairi, na mwendeshaji anatembea nyuma yake. Miiba hiyo inazama kwenye udongo bila kuuchuna. Minyororo ya mpira inashika vizuri pia, lakini ikigeuka kwa ghafla inang'oa nyasi pamoja na mizizi. Kwenye ukuta wa bwawa hilo ni kosa zito: nyasi ziko pale kuushikilia udongo, na kidonda kilichoachwa Februari kinakuwa mfereji masika yakianza. Kwa hiyo baada ya jaribio, rudi ukaitazame ardhi. Mashine inayoacha udongo mtupu inaharibu kile ulichoitwa kukitunza.

Kwa kampuni yenye kandarasi kubwa, mashine ya rimoti inafaa zaidi, kwa kuwa inamtoa mtu kwenye hatari. Spider ya Jamhuri ya Cheki inafanya kazi hadi nyuzi 40, na 55 ikifungwa kwa kamba ya winchi iliyotiwa nanga juu. Unapojaribu yoyote ya aina hii, izime rimoti ghafla mashine ikiwa mteremkoni. Lazima kisu na mwendo vikatike hapo hapo. Anayeiendesha asimame kando au juu, kamwe asiwe chini yake.

Wengi wetu, hata hivyo, tutafanya kazi na mashine za begani, na si jambo la kuonea haya. Timu nzuri ya mashine hizi inafika pasipofika kitu kingine. Za petroli iliyochanganywa na oili hazijali zimelala vipi, maana oili inakwenda na petroli yenyewe: mililita 100 kwa lita 5 kama kitabu kimesema 50 kwa 1. Honda GX35 ni ya mipigo minne yenye oili yake, lakini imeundwa ifanye kazi hata ikigeuzwa. Usiishie kwenye injini. Vaa mkanda, vuta kifyatulio cha dharura mara moja, na mashine iachie mwili. Ikibidi kuvuta mara mbili, irudishe. Wafanyakazi waachane mita 15, na asiwepo mtu akifyeka moja kwa moja chini ya mwenzake.

Pale ambapo mguu wenyewe hauna pa kukanyaga, mashine isipelekwe. Hapo ni kamba, mtu aliyefungwa vizuri kutoka juu, na kwanja lililonolewa. Weka sehemu hizo peke yake kwenye bei ya zabuni, kwa vipimo vyako vya pimamaji, kwa sababu mita moja ya pale inakula muda mwingi kuliko mita za tambarare.

Mwisho, mwambie muuzaji akuonyeshe vipuri unavyotarajia kumaliza mwaka huu: mkanda, kisu, kebo ya breki, mnyororo wa mpira. Akuonyeshe vilivyo rafuni, si kwenye katalogi.