Pongezi kwa Wachunguzi wa Nasaba za Magari
Nasaba ya gari la mashindano ni jambo lenye shaka nyingi, kwani kiwandani bodi hubadilishwa, injini huhamishwa, na hata nambari ya usajili huweza kuvishwa gari jingine. Kwa hiyo wanastahili sifa wale wachunguzi wenye subira ambao, kwa kulinganisha nambari za chesisi, alama za kuchomelea na picha za kale, hubainisha lipi ni lenyewe hasa na lipi ni nakala. Chukua mfano wa gari moja la mashindano la kale: Datsun 240Z iliyompa dereva Edgar Herrmann ushindi wa mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971, katika vumbi na matope ya Afrika Mashariki, imehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani, ikafufuliwa mwaka 2013. Nami, lau ningaliulizwa, ningaliomba mibonyeo iliyoipata njiani isiguswe katika ufufuaji huo.