Kidole Gumba cha Katanga na cha Kentucky

Anayesikia wimbo "Masanga" kwa mara ya kwanza huapa kwamba magitaa ni mawili. Ni moja tu. Jean Bosco Mwenda wa Bunkeya alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, akiupiga kwa vidole viwili: gumba kwenye nyuzi nene, cha shahada kwenye nyembamba.

Ugumu wake hauko kwenye kasi. Gumba limeshika besi na halitakiwi kuyumba, shahada ifanye itakalo. Wimbo nao haukai juu ya kila pigo la besi. Unapenya katikati, hata sikio mara lihesabu mbili, mara tatu, na hesabu zote mbili zikubali.

Gumba la namna hiyo lilikuwepo Marekani pia. Twende Memphis, tarehe 5 Julai 1954. Elvis Presley anarekodi "That's All Right", na ngoma haipo: kuna gitaa lake, besi ya Bill Black na gitaa la Scotty Moore. Rock and roll changa ilisimama juu ya watu watatu kwa sababu Moore alijua kupiga kwa gumba na vidole, mtindo wa Merle Travis na Chet Atkins. Travis aliupata nyumbani kwao, Muhlenberg, Kentucky, nchi ya makaa ya mawe, kwa Mose Rager na wenzake. Nyuma yao yupo Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi aliyefariki mwaka 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Hilo linaniuma. Upande wa pili wa sahani ile ya Elvis ni wimbo wa Bill Monroe, ambaye ujanani alipiga dansini pamoja na Shultz huyo huyo.

Huku Katanga shaba, kule Kentucky makaa. Naamini mgodi ndio uliozaa ufundi huu: watu wa makabila mengi, mshahara mdogo, gitaa moja, na dansi inayohitaji bendi nzima.

Sisi wa Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika, hatuko mbali na chimbuko la Katanga. Reli ilifika ziwani Albertville, sasa Kalemie, mwaka 1915, na Mwenda aliimba kwa Kiswahili. Kijana wa Fizi au Baraka anayetaka kujaribu aanze na gumba peke yake, nyuzi mbili nene kwa zamu, mpaka aweze kuzungumza na mtu huku linaendelea. Kisha aongeze noti moja ya shahada, katikati ya mapigo, si juu yake.